KOMPAILA KATIKA KOMPYUTA YA SHULE: KUIWEKA, KUIJULISHA NA KUIJARIBU

Utangulizi

Miaka michache iliyopita mwandishi wa makala haya alialikwa katika shule moja ya sekondari kuzungumza na wanafunzi wa mchepuo wa sayansi. Katika chumba cha kompyuta alikuta mashine moja imebandikwa karatasi yenye neno "MBOVU". Alipouliza ubovu wake, alielezwa kwamba kompaila ya lugha ya C ilikuwa imewekwa ndani ya mashine hiyo mara tatu, na kila mara amri ya gcc ilipoandikwa, kompyuta ilijibu kwamba haiitambui. Kwa hakika mashine ilikuwa nzima. Kompaila nayo ilikuwa nzima, tena ipo mahali pake. Kilichokosekana kilikuwa mstari mmoja tu wa maelezo. Kwa ajili ya mstari huo, darasa zima lilikaa muhula mzima likinakili programu kutoka ubaoni pasipo kuiona hata moja ikifanya kazi.

Kisa hiki hutokea mara nyingi, nacho chatokana na kudhani kwamba kuweka kompaila ni kunakili mafaili tu. Kazi hii ina sehemu tatu: kuiweka kompaila ndani ya diski, kuijulisha kompyuta mahali ilipo, na kuijaribu. Tutazieleza moja baada ya nyingine, tukitumia kompaila ya GCC kuwa mfano.

Kompaila ni nini?

Kitovu cha kompyuta, yaani prosesa, hakifahamu lugha ya C wala lugha nyingine yoyote tunayoiandika. Hufahamu namba tu, ambazo kila moja humwamuru kitendo kidogo: jumlisha, linganisha, hamisha. Kompaila ni programu inayofasiri maandishi ya mwanadamu kuwa namba hizo.

Msomaji na akumbuke tofauti iliyopo baina ya mfasiri na mkalimani. Mfasiri huchukua kitabu kizima, akakiandika upya katika lugha nyingine, kisha akaenda zake. Msomaji hamhitaji tena. Mkalimani husimama kando ya mzungumzaji na kugeuza sentensi baada ya sentensi, wala mkutano hauendelei asipokuwapo. Kompaila ni mfasiri. Programu ikishafasiriwa huweza kupelekwa katika kompyuta nyingine ya aina ile ile isiyo na kompaila, nayo ikafanya kazi.

Fikra hii si ngeni. Mwaka 1952, huko Marekani, Grace Hopper alitengeneza programu iliyoitwa A-0, ambayo huhesabiwa miongoni mwa kompaila za mwanzo kabisa. Mwaka 1957 kampuni ya IBM ilitoa kompaila ya lugha ya FORTRAN, iliyotungwa na kundi lililoongozwa na John Backus. Lugha ya C ilibuniwa na Dennis Ritchie katika maabara za Bell mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kisha mwaka 1987 Richard Stallman alitoa toleo la kwanza la GCC. Kompaila hii hutolewa kwa leseni inayomruhusu kila mtu kuitumia, kuichunguza na kuinakili. Kwa shule zetu jambo hili lina uzito mkubwa: mwalimu aliyeipata mara moja aweza kuigawa kwa flashi katika kompyuta zote za shule, na kwa shule jirani, bila kulipa na bila kuvunja sheria.

Sehemu ya kwanza: Kuiweka

Katika kompyuta zitumiazo Linux ya jamii ya Debian au Ubuntu, kazi hii ni nyepesi mno iwapo intaneti ipo. Fungua dirisha la amri, kisha andika:

sudo apt update
sudo apt install build-essential

Neno sudo laomba mamlaka ya msimamizi wa mashine, kwa hiyo utaulizwa neno la siri. Mfumo wenyewe utaileta kompaila, utaiweka, na utaijulisha kompyuta mahali ilipo. Sehemu ya pili ya kazi yetu hufanywa kimyakimya, na ndiyo sababu watumiaji wengi wa Linux hawajui kwamba sehemu hiyo ipo.

Katika Windows mambo hayaendi hivyo. Kwa shule isiyo na intaneti ya kudumu, twapendekeza kifurushi kiitwacho w64devkit, ambacho kina GCC na vifaa vyake vyote. Kipakuliwe mara moja kutoka katika hazina ya watengenezaji wenyewe iliyoko GitHub, kichukuliwe kwa flashi, kisha kifunguliwe ndani ya diski ya kila mashine. Kompyuta za zamani zenye Windows ya biti 32 zina toleo lake, na mwalimu ahakikishe amechukua lililo sawa. Folda iwekwe mahali pafupi, pasipo nafasi katikati ya jina. Katika mfano wetu tutasema imewekwa hapa:

C:\w64devkit

Kompaila yenyewe, yaani faili liitwalo gcc.exe, imo katika folda ya ndani iitwayo bin.

Sehemu ya pili: Kuijulisha kompyuta

Hapa ndipo ile shule ilipokwama. Tuchukue mfano wa tarishi wa ofisi. Mkubwa wake akimwambia, "Niitie Bwana Gcc," tarishi haendi kugonga milango ya mji mzima. Anayo orodha ya vyumba. Huanza chumba cha kwanza, akaenda cha pili, hata mwisho. Asipomkuta mtu huyo katika vyumba vya orodha, hurudi na kusema, "Mtu huyo simjui," ingawa Bwana Gcc ameketi katika chumba cha jirani ambacho hakikuandikwa.

Orodha hiyo katika kompyuta huitwa PATH. Katika dirisha la amri la Windows, yaani cmd, chumba kipya huongezwa hivi:

set PATH=C:\w64devkit\bin;%PATH%

Maana yake ni hii: anza na folda yetu, kisha fuata orodha iliyokuwapo. Lakini amri hii hudumu katika dirisha hilo tu. Likifungwa, mabadiliko yamepotea. Ili yadumu, andika neno environment katika menyu ya kuanzia, ufungue ukurasa wa vigezo vya mazingira vya akaunti yako, uchague Path, ubonyeze Edit, kisha New, na uandike C:\w64devkit\bin. Madirisha ya amri yaliyokwisha kufunguliwa hayatajua habari hii. Yafungwe na kufunguliwa upya.

Tahadhari mbili zafaa. Kwanza, wako wanaoshauri kutumia amri ya setx kwa kazi hii. Amri hiyo hukata maandishi yanayozidi herufi 1024, na orodha ndefu ikikatwa programu nyingine zitaacha kuonekana. Pili, tarishi huridhika na mtu wa kwanza anayemkuta. Kompyuta ikiwa na kompaila mbili zenye jina moja, ile ambayo folda yake imetangulia katika orodha ndiyo itakayoitwa. Ili kujua ni ipi, andika where gcc katika Windows, au which gcc katika Linux. Kisha andika:

gcc --version

Ukijibiwa kwa namba ya toleo, kompyuta imekwisha kuijua kompaila yake.

Sehemu ya tatu: Jaribio

Andika programu hii kwa kihariri cha maandishi matupu kama Notepad, na uihifadhi kwa jina wastani.c.

#include <stdio.h>

int main(void)
{
    int jumla = 7;
    int idadi = 2;
    double wastani = jumla / idadi;
    printf("Wastani ni %.1f\n", wastani);
    return 0;
}

Notepad ina desturi ya kuongeza .txt mwishoni mwa jina, na Windows ina desturi ya kuficha nyongeza hiyo. Kwa hiyo faili laweza kuonekana kama wastani.c ilhali jina lake kamili ni wastani.c.txt. Tumia amri ya dir ili uone jina la kweli. Ukiwa ndani ya folda yenye faili hilo, andika:

gcc -Wall -o wastani wastani.c

Sehemu ya -Wall huiamuru kompaila itoe maonyo yake ya kawaida, na -o hutaja jina la programu itakayozaliwa. Ukiwa umekosea, kompaila itataja jina la faili, namba ya mstari na namba ya herufi. Mwanafunzi asiogope kuyaona makosa ishirini. Aanze na la kwanza, kwa kuwa mengi ya yanayofuata huzaliwa nalo, na iwapo mstari uliotajwa hauna kosa, autazame uliotangulia.

Kisha endesha programu kwa kuandika wastani katika cmd, au ./wastani katika Linux. Tofauti hii nayo yatokana na orodha ya tarishi: cmd hutazama kwanza folda uliyomo, na Linux kwa kawaida haiitazami mpaka uitaje.

Kompaila ikinyamaza

Programu yetu hufasiriwa bila onyo lolote. Hata hivyo jibu lake ni hili:

Wastani ni 3.0

Wastani wa alama 7 kwa masomo 2 ni 3.5. Nusu imekwenda wapi? Katika lugha ya C, namba kamili ikigawanywa kwa namba kamili, jibu huwa namba kamili, na desimali hutupwa. Kuliweka jibu baadaye katika kigezo cha aina ya double hakurudishi kilichokwisha kutupwa. Dawa yake ni kubadili namba moja kabla ya kugawanya:

double wastani = (double) jumla / idadi;

Mwandishi huyu, alipokuwa masomoni ng'ambo, aliwahi kuchora grafu ya vipimo vya juma zima kwa wastani uliokatwa namna hii. Alilitafuta kosa katika vifaa vya maabara kwa siku mbili, kwa sababu kompaila haikulalamika. Mfasiri hodari hufasiri hata uongo kwa ufasaha. Kazi ya kompaila ni kuangalia kama sentensi zimefuata sarufi. Kuangalia kama jibu ni la kweli ni kazi ya mwandishi wa programu. Ndiyo maana programu yoyote ya kuhesabu alama za wanafunzi haina budi kujaribiwa kwanza kwa mfano mdogo ambao jibu lake limekwisha kupatikana kwa kalamu na karatasi.

Hitimisho

Mwalimu akikutana na mashine isiyoitambua amri, asiweke kompaila mara ya pili kabla hajajiuliza maswali matatu: Je, faili lipo? Je, folda yake imo katika orodha? Je, dirisha la amri limefunguliwa upya? Ile mashine iliyobandikwa neno "MBOVU" ilipona kwa swali la pili, na karatasi yake ilibanduliwa siku ile ile na mwanafunzi wa kidato cha tatu.

Mazoezi

1. Ondoa alama ya nukta na mkato mwishoni mwa mstari wa idadi, kisha ufasiri tena. Kompaila imetaja mstari upi? Eleza kwa nini.

2. Andika gcc -S wastani.c, kisha ulifungue faili la wastani.s. Tafuta amri inayogawanya.

3. Nakili programu iliyofasiriwa katika kompyuta ya aina ile ile isiyo na kompaila. Je, yafanya kazi? Jibu lako lahusianaje na tofauti ya mfasiri na mkalimani?

4. Badili programu ili ipokee alama za masomo matano. Kabla ya kuiendesha, andika jibu unalolitazamia.