Jarida kama Uwanja wa Majibizano: Namna ya Kusoma Transition na Mambo Leo

1.0 Utangulizi

Mwanafunzi wa fasihi anayeuliza asome nini ili aujue uandishi bora, aghalabu huelekezwa kwenye diwani, riwaya na tamthilia. Ni nadra kuelekezwa kwenye jarida. Kitabu kina mtunzi anayejulikana na kimo katika muhtasari wa masomo; jarida hukaa rafuni likikusanya vumbi, matoleo yake yakiwa pungufu, na hukumbukwa tu pale mtunzi fulani anaposemwa kuwa "alianzia" humo. Makala hii inashikilia kwamba mazoea hayo yanampunja mwanafunzi. Jarida zuri humwonyesha jambo ambalo kitabu hakiwezi kumwonyesha, yaani kazi ya sanaa na hoja ya sanaa zikiwa bado zinabishaniwa, kabla wakati haujaamua ipi ibaki na ipi isahauliwe. Tutatumia majarida mawili ya Afrika Mashariki ambayo hayakupata kuwekwa meza moja, ingawa, kama tutakavyoona, yalikuwa na la kuambiana.

2.0 Transition na Swali la Lugha

Transition lilianzishwa Kampala mwaka 1961 na Rajat Neogi, mzaliwa wa mji huohuo. Lilichapisha mashairi, hadithi, hakiki na makala za siasa pamoja, bila kuzitenga kwa kuta. Sehemu yake inayostahili kusomwa kwa makini zaidi, kwa maoni yetu, ni ile ambayo wasomaji wengi huiruka: barua kwa mhariri.

Mfano bora ni mjadala ulioanza katika toleo la 10, mwaka 1963. Mwaka mmoja kabla, Juni 1962, Chuo cha Makerere kilikuwa mwenyeji wa mkutano wa waandishi wa Kiafrika wanaoandika kwa Kiingereza. Obi Wali, mhakiki kutoka Nigeria, aliutazama mkutano huo akaona njia isiyopita. Alidai kwamba fasihi ya Kiafrika iliyofungwa katika lugha za Ulaya haina pa kwenda, na kwamba ni lazima waandishi warudi kwenye lugha zao. Katika toleo lililofuata majibu yalimiminika. Miongoni mwa waliojibu ni Ezekiel Mphahlele na Wole Soyinka, na Soyinka hakuficha kejeli yake. Katika toleo la 18, mwaka 1965, Chinua Achebe naye alichapisha makala ya kuitetea nafasi ya Kiingereza katika uandishi wa Mwafrika.

Anayeisoma makala ya Achebe peke yake ndani ya mkusanyo wa insha huiona kama tamko tulivu la mtu aliyekwisha kukata shauri. Anayeisoma baada ya kupitia toleo la 10 na la 11 huusikia mjadala uliotangulia nyuma ya kila aya, na hutambua kwa nini hoja fulani zimetiliwa mkazo na nyingine zimeguswa juujuu. Maandishi ni yaleyale, lakini maana yake imepanuka. Ngũgĩ wa Thiong'o alipolifufua swali hilo kitabuni mwaka 1986, alimtaja Wali. Yaani barua na makala za jarida dogo la Kampala zilikuwa bado zinafanya kazi baada ya zaidi ya miaka 20.

Kuna kinaya hapa ambacho hakifai kuachwa kipite. Mjadala wote huo juu ya lugha za Kiafrika uliendeshwa kwa Kiingereza. Shaaban Robert, aliyefariki Juni hiyohiyo ya mwaka 1962, hakuwa na nafasi katika mkutano wa Makerere, kwa kuwa lugha aliyoiandikia haikuwa ile iliyoitiwa mkutano.

3.0 Mambo Leo: Jibu Lililokuwapo Tayari

Wali alipoandika mwaka 1963, ilikuwa imetimia miaka 40 tangu Mambo Leo lianze kutolewa Dar es Salaam, Januari 1923. Lilikuwa jarida la kila mwezi la Idara ya Elimu ya serikali ya kikoloni ya Tanganyika, na lengo lake halikuwa kukuza fasihi. Lilibeba habari, mafunzo ya kilimo na afya, na matangazo. Hata hivyo wasomaji walilifanya kuwa kitu kingine. Makarani, walimu na watu wengine waliojua kusoma walipeleka mashairi, na mashairi hayo yakazaa mashairi: mmoja hufumba, mwingine hufumbua, mmoja hutoa hoja, mwingine humpinga kwa vina na mizani. Shaaban Robert mwenyewe alikuwa miongoni mwa waliochapisha humo.

Desturi ya kujibizana kwa mashairi ni kongwe kuliko matbaa katika pwani yetu. Jambo jipya lililoletwa na jarida lilikuwa umbali. Watu wasiopata kuonana, walio katika miji mbalimbali, waliweza kulumbana, na kila mmoja alipaswa kuandika Kiswahili kitakachoeleweka na wote. Kwa hiyo shairi la aina hii lina wasikilizaji wawili, yaani mlumbwa na umma. Linapotolewa humo na kuingizwa katika diwani bila shairi lililolichokoza, hubaki nusu ya mazungumzo. Wahariri wa diwani zetu wangetusaidia sana kama wangechapisha na upande wa pili, hata kama mtunzi wake hakupata umaarufu.

4.0 Mlipaji na Mhariri

Msomaji wa jarida hana budi kuuliza ni nani aliyelipia karatasi. Mambo Leo lililipiwa na dola ya kikoloni, na kimya chake kuhusu mambo fulani kinaeleweka kwa msingi huo. Transition lilipata msaada wa Congress for Cultural Freedom, shirika ambalo mwaka 1966 na 1967 lilifichuliwa kuwa lilifadhiliwa na CIA. Je, ufadhili huo unabatilisha yaliyoandikwa humo? Hatudhani hivyo, ila unatulazimisha kusoma pia yale ambayo hayakuandikwa. Uhuru wa jarida nao haukuwa wa maneno matupu: Oktoba 1968 serikali ya Uganda ilimkamata Neogi pamoja na Abu Mayanja, ambaye barua yake jaridani ilikuwa imeikosoa serikali. Transition lilifufuka Accra mwaka 1971, likahaririwa baadaye na Soyinka, likakoma mwaka 1976, kisha likaanzishwa upya Marekani mwaka 1991.

5.0 Zoezi kwa Wanafunzi

Majarida ya kitaaluma ya Kiswahili, likiwamo Mulika, yamejali zaidi uchambuzi kuliko utunzi. Mhakiki na mtunzi hawakutani sana ukurasa mmoja. Kwani?, lililoanzishwa Nairobi mwaka 2003, lilikaribisha Sheng, na mwaka 2016 Jalada ilitoa ngano ya Ngũgĩ iliyoandikwa kwa Kigikuyu pamoja na tafsiri zake katika lugha zaidi ya 30, Kiswahili kikiwamo.

Mwanafunzi achague mwaka mmoja wa Mambo Leo katika maktaba iliyo karibu naye. Asome matoleo yote kwa mfuatano, pamoja na matangazo. Aorodheshe kila shairi lililojibiwa, kisha alitafute jibu lake. Pale jibu lisipopatikana, aandike la kwake, kwa bahari ileile na kwa vina vilevile.