Mahakama ya Mwisho: Tanzania na Kenya

Hadi mwaka 1977, rufaa za mwisho za Tanzania, Kenya na Uganda zilisikilizwa na Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, kila nchi ilijijengea ngazi yake ya juu. Zijue tofauti kati ya Tanzania na Kenya, maana haki hupotea kwa kukosea mlango au kuchelewa.

Ipi ndiyo ya mwisho?
Tanzania ni Mahakama ya Rufani, iliyoanzishwa 1979. Mahakama Kuu iko chini yake.
Kenya ni Mahakama ya Juu, iliyoundwa na Katiba ya 2010, nayo iko juu ya Mahakama ya Rufani. Ina majaji 7, na kesi husikilizwa na wasiopungua 5.

Majaji hupatikanaje?
Tanzania, Rais huwateua Majaji wa Rufani baada ya kushauriana na Jaji Mkuu. Hustaafu wakitimiza miaka 65.
Kenya, Tume ya Utumishi wa Mahakama huwahoji waombaji hadharani, kisha humpendekezea Rais majina. Jaji Mkuu na naibu wake huidhinishwa pia na Bunge. Umri wa kustaafu ni miaka 70.

Je, kila kesi hufika huko?
Hapana. Kenya, rufaa sharti iguse tafsiri au matumizi ya Katiba, au ithibitishwe kuwa na uzito kwa umma mzima. Tanzania, shauri lililoanzia Mahakama ya Mwanzo hufika Rufani pale tu Mahakama Kuu inapothibitisha kuwa lina hoja ya kisheria.

Matokeo ya urais je?
Kenya, mlalamikaji hufungua kesi ndani ya siku 7 tangu matokeo yatangazwe, na Mahakama ya Juu huamua ndani ya siku 14. Tarehe 1 Septemba 2017 ilibatilisha uchaguzi wa Rais. Mwaka 2022 iliyathibitisha matokeo.
Tanzania, Ibara ya 41(7) ya Katiba inazuia mahakama yoyote kuchunguza uchaguzi wa Rais aliyekwisha kutangazwa na Tume ya Uchaguzi. Mwaka 2020, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao Arusha, iliamua kwamba zuio hilo linakiuka Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu.

Ukishindwa kesi Mahakama Kuu ya Tanzania
- Wasilisha taarifa ya kukata rufaa ndani ya siku 30 tangu hukumu.
- Omba mapema, kwa maandishi, nakala za hukumu na mwenendo wa shauri.
- Huna uwezo wa kumlipa wakili? Omba msaada wa kisheria kabla siku hizo hazijakwisha.