Akiba ya wajukuu: ni ya babu au ni ya mtoto?

Hapa Dodoma si ajabu kumsikia mzee akisema, "Hii ni ya mjukuu wangu." Huenda anazungumzia fedha alizozidunduliza kutoka kwenye pensheni, mbuzi aliowaacha Kondoa kwa mchungaji, au kiwanja alichonunua pembezoni mwa mji baada ya Serikali kutangaza mwaka 2016 kuwa inahamia hapa. Wazee wa namna hii wamekuwa wakiniuliza: je, mali hii ina zaka? Na TRA nao wana haki gani humo? Nami huwajibu kwa swali ambalo wengi hawalipendi: Mzee, mali hiyo ni yako au ni ya mjukuu?

Nianze na upande wa Serikali kwa kuwa habari yake ni fupi. Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 haimtozi mtu kwa kuwa tu ameweka akiba. Kinachotozwa ni kile ambacho akiba imezaa. Benki inapomlipa mteja riba hukata asilimia 10, nayo huitwa kodi ya zuio. Riba ikiwa sh. 100,000, mteja anaingiziwa sh. 90,000. Muislamu anayeijua dini yake hana sababu ya kuzilalamikia zile 10,000 zilizokwenda TRA. Msiba wake ni hizo 90,000 zilizobaki, maana kukatwa kodi hakuifanyi riba kuwa halali. Na tangu Amana Bank ilipoanza kazi mwaka 2011, na benki nyingine kufungua madirisha ya Kiislamu, udhuru wa kukosa pa kuweka umepungua sana.

Wapo pia wanaodhani kwamba wakishakatwa na TRA wamemalizana na zaka. Hapana. Zaka ina mafungu manane yaliyotajwa katika Suratut-Tawba, aya ya 60, na hazina ya Serikali haimo. Malaysia mtu akilipa zaka hupunguziwa kodi ya mapato. Sisi hatuna utaratibu huo, kwa hiyo hesabu zinabaki mbili.

Sasa turudi kwenye swali letu. Babu akiwa na fedha katika akaunti yenye jina lake, anazitoa atakapo na kuziweka atakapo, huku moyoni akisema ni za Asha au za Juma, fedha hizo ni zake. Nia peke yake haihamishi mali. Zikifika nisabu (thamani ya gramu 85 za dhahabu, au 595 za fedha kwa wanaokadiria kwa fedha) na mwaka wa Kiislamu ukazipitia, basi yeye ndiye anayedaiwa asilimia mbili na nusu, yaani sh. 25,000 kwa kila milioni. Tena azichanganye na fedha zake nyingine katika hesabu. Hawezi kuzitenga kwa kuwa amezipa jina la mjukuu.

Ili mali iwe ya mtoto lazima kuwe na hiba, na hiba katika madhehebu ya Imam Shafii (r.a) haitimii mpaka ikabidhiwe. Mtoto mdogo hupokelewa na walii wake, ambaye ni baba, kisha babu mzaa baba. Kwa hiyo babu mzaa baba, ikiwa baba wa mtoto amefariki, anaweza kutoa kwa mkono mmoja na kupokea kwa mwingine, kisha akaitenga mali hiyo. Lakini babu au bibi mzaa mama hana uwalii huo. Yeye ampe baba wa mtoto aipokee kwa niaba ya mwanawe. Najua hapa ndipo bibi zetu huguna, maana ndiye mkwe anayeogopwa kwamba ataila! Basi na aandikishe mbele ya mashahidi na akaunti iwe na jina la mtoto. Na wale wanaomwekea mjukuu ambaye hata mimba yake haijatungwa waelewe kuwa hiba kwa asiyekuwapo haisihi. Mali bado ni yao.

Kwa nini nalisisitiza hili? Kwa sababu ya mauti. Mzee akifa, kila kilicho chake kinaingia katika mirathi, pamoja na kile alichokiita cha mjukuu. Na mjukuu hurithi nini ikiwa mtoto wa kiume wa marehemu yuko hai? Hapati kitu. Anayeumia zaidi ni yatima ambaye baba yake alitangulia kufa kabla ya babu, kwani ami zake wanamzuia. Nchini Misri waliliona tatizo hili, wakatunga sheria ya wasia mwaka 1946 inayowapa wajukuu wa aina hiyo sehemu isiyozidi theluthi hata kama babu hakuandika neno. Kwetu hakuna sheria kama hiyo. Babu asipotoa hiba akiwa hai, wala asiandike wasia usiozidi theluthi, yale maneno yake ya barazani hayatamsaidia yatima mbele ya ami zake.

Tuseme hiba imetimia, mali sasa ni ya mtoto. Je, zaka imeondoka? Masheikh wa Kihanafi, ambao wafuasi wao tunao hapa mjini, wanasema mtoto asiyebaleghe hana zaka katika fedha zake. Jamhuri ya wanavyuoni, Imam Shafii akiwemo, wanasema zaka ipo, na walii huitoa katika mali ya mtoto. Imepokewa katika Muwatta kwamba bibi Aisha (r.a) alikuwa akiwalea yatima wa kaka yake na akitoa zaka ya mali yao. Humo humo imepokewa kuwa Sayyidna Umar (r.a) aliamuru mali za mayatima zifanyiwe biashara ili zaka isizimalize.

Ipige mwenyewe hesabu, ndugu msomaji. Sh. 10,000,000 zilizolala tu tangu mtoto azaliwe, zikitolewa zaka kila mwaka kwa miaka 18 bila kushuka chini ya nisabu, zitabaki kama sh. 6,340,000. Na bei ya mfuko wa saruji haitakuwa imemsubiri. Kuilaza fedha ya mjukuu, kwa maoni yangu, ni uzembe tunaouita uangalifu.

Kiwanja ni chepesi. Kikikusudiwa mjukuu ajenge akae, hakina zaka. Kikinunuliwa ili kiuzwe bei ikipanda, hiyo ni mali ya biashara na thamani yake huhesabiwa kila mwaka.

Mbuzi ndio wenye mambo. Nisabu yao ni 40, na zaka yake ni mmoja. Babu ana 25, na wajukuu watatu amewapa watano watano kwa hiba iliyotimia. Kila mmoja peke yake hajafika nisabu. Lakini kama mwaka mzima wanalala zizi moja, wanachungwa pamoja, wanakunywa kisima kimoja na beberu wao ni mmoja, kwa Imam Shafii kundi hilo huhesabiwa kama mali moja. Anatoka mbuzi mmoja aliyetimiza miaka miwili, na wajukuu wanabeba sehemu 15 kati ya 40 za thamani yake. Hukumu hii ni kwa wanyama wanaojilisha porini. Wale wa uani hapa mjini, wanaonunuliwa pumba na mashudu karibu mwaka mzima, hawana zaka hiyo, isipokuwa kama wamefugwa kwa ajili ya kuuzwa mnadani Msalato. Hao hukadiriwa kama bidhaa ya dukani.