Nyimbo za Bure na Ghala la Mgeni

Mtu wa Wasso akitaka nyimbo mpya za kwaya hana haja siku hizi ya kumngojea msafiri atokaye Arusha. Akimpata kijana mwenye kompyuta humpa memori kadi ya simu na shilingi kidogo, na kabla chai haijapoa amekwisha kujaziwa nyimbo mia. Mara nyingi kijana huyo hakuzinunua. Amezipakua katika ghala la intaneti, ambamo mtu yeyote aweza kuweka mafaili yake na kumpa mwenzake kiungo cha kuyachukulia. Basi yafaa tujifunze habari za maghala hayo, maana wazazi wengi hutoa fedha bila kujua wameuziwa mali ya nani.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Na. 7 ya mwaka 1999, yasema kwamba utungo ni mali ya mtungaji muda wote wa uhai wake, na miaka 50 baada ya kufa kwake. Kwa hesabu hiyo vitabu vya Shaaban Robert, aliyefariki mwaka 1962, vilikuwa na mwenyewe hata mwisho wa mwaka 2012. Waimbaji nao, na yule aliyerekodi sauti zao, wana haki yao; ndiyo iitwayo hakishiriki. Kunukuu maneno machache kwa kumtaja mwandishi kwaruhusiwa. Kunakili kazi nzima na kuiuza ni kosa.

Twasikia wengine wakisema kwamba wimbo wa kumsifu Mungu hauna mwenyewe. Mbona kinanda cha kuupigia kina bei? Kwaya ya parokia huchanga fedha kwa miezi mingi, ikalipa nauli, ikalipa studio, ikatumaini kuuza nakala na kurudisha deni. Nakala moja ikiisha kuwekwa ghalani, wanunuzi wote waliobaki huchota humo, na deni hubaki kwa wanakwaya.

Tena maghala yenyewe hayana msingi imara. Moja lililovuma sana, lenye makao Hong Kong, liliitwa Megaupload. Mwezi Januari 2012 serikali ya Marekani ililifunga, na mwanzilishi wake, Kim Dotcom, akakamatwa New Zealand. Waendesha mashtaka walidai kwamba wenye kazi walipata hasara ya zaidi ya dola milioni 500. Lakini humo humo zilikuwamo mali halali za watu wengi. Bwana mmoja wa Ohio alikuwa akipiga picha za michezo ya shule na kuwauzia wazazi. Diski ya kompyuta yake iliharibika siku chache tu kabla ya ghala kufungwa, na nakala za akiba zilikuwa humo. Ikambidi aende mahakamani kudai kilicho chake. Mwaka 2013 kampuni ya Ulaya iliyokuwa imelikodishia ghala hilo mitambo ilifuta yote yaliyokuwa katika mashine 630. RapidShare, ghala la Uswisi, nalo lilifungwa tarehe 31 Machi 2015.

Hatari nyingine humpata mpakuaji mwenyewe. Katika kurasa za namna hiyo huwa na vitufe vingi vya uongo, na faili lenye jina la wimbo laweza kuwa programu ya kuiba nenosiri. Wimbo hauna haja ya kusakinishwa. Faili likitaka kusakinishwa ndani ya simu, au likiomba namba ya siri ya fedha, lifutwe upesi.

Wala hatusemi kwamba kila ghala ni pango la wezi. Ofisi iliyo mbali na mji hufaidika kwa kuwa na nakala ya hati zake mahali pengine. Lakini kiungo kikiachwa wazi, kila akipataye aweza kuingia, hata kama ni orodha ya wagonjwa au vyeti vya watoto. Na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 yamdai mtunzaji azilinde. Basi pawe na nenosiri, na nakala ya pili ikae nyumbani, katika diski iliyofungiwa kabatini.

Na kwaya inayojiandaa kurekodi isajili kazi zake kwanza katika Ofisi ya Hakimiliki, COSOTA. Haki huanza tangu utungo kutungwa, hata pasipo kusajili, lakini siku ya mashtaka hakimu atauliza ushahidi.