Nani Alituambia Kuwa ni Sindano?
Somo la kupima nadharia za wasomaji

Katika muhula uliokwisha, Chama cha Kusoma cha shule yetu kilikutana kila Alhamisi jioni katika chumba cha kompyuta. Hatukukutana kwa mchezo. Tulisoma hadithi moja ya Kijapani iliyotafsiriwa kwa Kiingereza, nami nikawafasiria wanafunzi maneno yaliyowashinda. Wazazi wawili waliniuliza faida ya jambo hilo ni nini. Makala haya ni jibu langu kwao, na tena ni somo kwa kila mwanafunzi atakayeulizwa katika mtihani, "Je, msimulizi wa hadithi hii aaminika?"

Hadithi yenyewe huitwa Higurashi no Naku Koro ni, maana yake "Wakati higurashi wanapolia." Higurashi ni mdudu wa jamii ya nyenje ambaye hulia jioni siku za joto. Mwandishi hutumia jina la kalamu, Ryukishi07, na kikundi chake huitwa 07th Expansion. Ni riwaya isomwayo kwenye kompyuta: maneno hutokea juu ya picha kidogo kidogo, huku sauti na muziki vikisikika. Katika riwaya nyingi za namna hii msomaji huchagua njia ambayo mhusika ataifuata. Katika hii hachagui neno. Hubonyeza tu akaendelea, na kazi aliyoachiwa ni moja, nayo ni kufikiri.

Sehemu zake ni nane. Ya kwanza ilitolewa Agosti 2002, na ya mwisho Agosti 2006. Ziliuzwa moja moja katika Comiket, soko kubwa la Tokyo la watu wajichapishiao kazi zao wenyewe. Sehemu nne za kwanza huuliza maswali, na nne za mwisho huyajibu. Basi kati ya sehemu na sehemu wasomaji walingoja miezi mingi, nao hawakukaa kimya. Waliandikiana nadharia juu ya nani mwenye hatia na kwa sababu gani. Mwandishi naye aliwachochea, kwani mwisho wa sehemu aliweka kikao ambamo wahusika, kama waigizaji waliotoka jukwaani, huketi pamoja na kubishana juu ya mambo yaliyowapata wao wenyewe.

Anayetaka kuisoma mwenyewe na aishie hapa, maana sasa itanibidi nitoe siri zake. Wazazi nao wajue kwamba ina mauaji. Si hadithi ya watoto wadogo, na pale palipozidi tuliparuka.

HADITHI KWA UFUPI

Ni mwezi wa Juni, 1983, katika kijiji cha Hinamizawa. Kijiji hicho kimebuniwa, lakini mfano wake ni Shirakawa-go, katika mkoa wa Gifu, penye nyumba za mapaa marefu ya nyasi yaliyoinuka kama mikono ya mtu aombaye. Mahali hapo pamo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu 1995.

Mvulana aitwaye Keiichi Maebara amehamia huko kutoka mjini. Anapata marafiki: Rena, Mion, Satoko na Rika. Wanacheza karata, wanataniana, anayeshindwa anapewa adhabu ya kuchekesha. Kisha Keiichi anasikia kwamba zamani kidogo kulikuwa na ugomvi mkubwa juu ya bwawa lililotaka kukifunika kijiji, na kwamba tangu hapo, kwa miaka minne mfululizo, usiku wa sikukuu ya kijiji mtu mmoja hufa na mwingine hutoweka. Watu husema ni laana ya Oyashiro-sama, mungu wa kijiji. Anawauliza marafiki zake. Wanasema hawajui lolote.

Sikukuu ya mwaka ule inapita, na mpiga picha mmoja anakufa. Mzee Oishi wa polisi anamwendea Keiichi kwa siri na kumwambia ajihadhari. Tangu siku hiyo kila kicheko cha rafiki kinamtisha. Akiwa mgonjwa nyumbani, Rena na Mion wanamletea ohagi, yaani matonge ya mchele yaliyovikwa maharagwe matamu. Anauma moja, na ndani yake anakuta sindano. Siku chache baadaye wasichana hao wako chumbani mwake, na mmoja ameshika bomba la sindano la kudungia dawa. Keiichi ananyakua gongo la mchezo na kuwaua wote wawili. Kisha naye anakufa, akiacha barua isiyo kamili.

NADHARIA TULIZOZIANDIKA

Kabla ya kuendelea niliwaagiza wanafunzi waandike nadharia zao katika madaftari, na baada ya kila sehemu tuliongeza nyingine. Tuzitazame tano.

Kwanza, kwamba muuaji ni laana. Nadharia hii ni nyepesi kuliko zote, maana hakuna jambo isiloweza kulieleza. Mtu akifa, ni laana. Akipona, laana imemhurumia. Nadharia isiyoweza kushindwa na jambo lolote haimsaidii msomaji. Majibu yalipokuja, tulikuta kwamba mungu yule alikuwapo kweli katika hadithi, walakini hakuua mtu.

Pili, kwamba wauaji ni ukoo wa Sonozaki, pamoja na kijiji kizima. Hii ina nguvu zaidi, kwa kuwa ukoo huo ulikuwa mbele katika vita vya bwawa, nao ni matajiri wa kuogopwa. Kumbe wakuu wa ukoo hawakuwa wauaji. Walipenda kuogopwa, basi watu waliponong'ona hawakukana. Wako watu wavikwao hatia kwa sababu walinyamaza tu.

Tatu, kwamba mwenye hatia ni Rika. Katika sehemu ya nne, ambayo mambo yake ni ya 1978, msichana huyu akiwa bado mdogo anamweleza Akasaka, polisi aliyetoka Tokyo, vifo vitakavyotokea miaka ijayo. Mwanafunzi mmoja aliandika, "Ajuaye kifo kabla ya siku yake ndiye mwuaji." Ni sentensi nzuri, lakini si kweli. Rika alijua kwa kuwa amekwisha kuishi miaka hiyo mara nyingi, naye mwenyewe huuawa kila mara. Kujua si kutenda.

Nne, kwamba pacha wamebadilishana. Mion ana pacha aitwaye Shion. Katika sehemu ya pili wako wasomaji walioshika kwamba yule Keiichi amwitaye Mion, katika mambo ya kutisha ya mwisho, ni Shion. Wengine walicheka wakasema hiyo ni hila ya zamani mno. Lakini sehemu ya tano, ya Desemba 2004, ilisimulia mambo yale yale kwa macho ya Shion, na nadharia ikathibitika. Kwa nini ilishinda? Si kwa sababu ilikuwa ya ajabu kupita nyingine. Ilisimama juu ya maneno yaliyomo: tulikwisha kuambiwa kuwa wanafanana, na katika sehemu ile ile Keiichi alikwisha kushindwa kuwatofautisha.

Tano, kwamba Rena na Mion ndio waliotaka kumwua Keiichi. Nadharia hii ilikuwa yangu.

SWALI LA MWANAFUNZI

Niliiandika ubaoni kwa chaki, na chini yake nikapanga ushahidi: walimficha habari, walimfuatafuata, walitia sindano katika chakula, walikuja na bomba la sindano. Nilijiona nimemaliza kazi. Ndipo msichana mmoja wa Kidato cha Tatu, ambaye huketi nyuma na kusema kwa nadra, aliponyosha mkono.

"Samahani, Mwalimu. Nani alituambia kuwa ni sindano?"

Nikarudi nyuma nikatafuta. Aliyetuambia ni Keiichi. Nani mwingine aliiona? Hakuna. Nani aliliona bomba? Keiichi peke yake, akiwa hajalala vizuri kwa siku nyingi na amejawa hofu. Ushahidi wangu wa mistari minne ulitoka katika kinywa kimoja.

Sehemu ya sita, ya Agosti 2005, ilimpa haki msichana yule. Ndani ya ohagi hamkuwa na sindano, bali Tabasco, pilipili ya chupa, iliyotiwa kwa utani. Lile bomba lilikuwa kalamu nene ya wino. Marafiki walikuja kumchangamsha mwenzao mgonjwa kwa michezo yao ya kila siku, naye akawaua. Baadaye twajulishwa kwamba kijijini mna ugonjwa uletao shuku kali kwa mtu aliyeshikwa nao, na kwamba nyuma ya mambo yote yuko Takano, mwuguzi ambaye kila mtu alidhani amekufa, kumbe maiti iliyoonekana si yake.

Wanafunzi wengine walikasirika. "Basi Keiichi alitudanganya!" La, hakutudanganya. Hapa ndipo pagumu, na napenda mpashike vizuri. Mwongo hujua ukweli akauficha. Keiichi alitueleza kwa unyofu yote aliyoyaona. Lakini aliyoyaona yalikwisha kupita katika hofu yake kabla hayajatufikia sisi. Msimulizi wa nafsi ya kwanza aweza kuwa mkweli na bado akatupoteza.

JAMBO LANGU MWENYEWE

Usiku ule sikulala mapema, maana nilikumbuka jambo la miaka mingi. Nilipokuwa Kidato cha Pili, shule ya bweni, fedha yangu ya nauli ilipotea. Kijana wa kitanda cha jirani alikuwa rafiki yangu. Tulikuwa tukila sahani moja. Siku ile niliingia bwenini nikamkuta akicheka na wenzake, nao waliponiona wakanyamaza. Nikasema moyoni, "Ndiye." Tangu hapo kila alilofanya lilikuwa ushahidi. Akinunua sabuni mpya, ni fedha yangu. Akinisalimu, anajikosha, asiponisalimu, ameona haya. Niliwaambia wengine, nao wakaanza kufunga masanduku yao apitapo.

Likizo ilipofika nilikopa nauli nikaenda nyumbani. Mama alipokuwa akifua koti langu alizikuta fedha zimeingia ndani ya bitana, pale mfuko ulipotoboka. Nilirudi shuleni nikiwa nimekusudia kumwomba radhi. Kitanda chake kilikuwa kitupu. Alikuwa amehamishiwa shule nyingine, na wala sikujua ni ipi. Mpaka leo sijamwona.

Nami pia sikusema uongo. Nilisema niliyoyaona.

KANUNI TATU

Kwa hiyo, mwanafunzi atakapoandika nadharia juu ya hadithi, na ashike kanuni hizi.

1. Tenganisha lililoonekana na lililodhaniwa. "Wasichana walileta chakula" ni jambo. "Walileta chakula ili kumdhuru" ni dhana, hata kama imeandikwa kwa wino ule ule.

2. Uliza ni nani aliyetuambia, na kama yuko wa pili aliyeona. Ushahidi kumi utokao kwa mtu mmoja ni ushahidi mmoja.

3. Andika mapema ni jambo gani likitokea litaivunja nadharia yako. Ukikosa la kuandika, jua kwamba umefika kwenye laana ya Oyashiro-sama.

Kwa wazazi walioniuliza, nasema hivi: wenye kusoma hadithi hii siku zile hawakupewa zawadi kwa kukisia vema. Walijifunza kungoja, kurudi nyuma ya maneno, na kukubali kuwa wamekosea mbele ya wenzao. Msichana aliyeketi nyuma alinifundisha katika swali moja jambo ambalo lingenifaa sana nilipokuwa na umri wake. Dhana si ujuzi.

MASWALI YA MAZOEZI

1. Taja mambo mawili ambayo Keiichi aliyaona, na mawili ambayo aliyadhani tu.

2. Kwa nini nadharia ya pacha ilikuwa na nguvu kuliko ile ya laana? Jibu kwa sentensi zisizozidi tano.

3. Chagua hadithi yoyote uliyosoma darasani yenye msimulizi wa nafsi ya kwanza. Isimulie upya, kwa ukurasa mmoja, kwa macho ya mtu aliyetuhumiwa.

4. Je, umewahi kumtuhumu mwenzako kwa jambo ambalo hukuliona? Swali hili lisijibiwe katika daftari. Aliye na jibu na aende kwa mwenziwe kabla shule haijafungwa.

Mwalimu Mlezi,
Chama cha Kusoma