Mali bila daftari: kurudia mbio baada ya miaka 40

Somo la leo ni juu ya miguu yako, moyo wako na kaye moja ndogo ya shule. Tafadhali lisome pamoja na bibi yako, maana mara nyingi yeye anaona mambo ya mwili wako mbele yako mwenyewe.

Wengi kati yetu tulikimbia tulipokuwa vijana. Tulicheza mpira, tulishindana kwenye mchanga wa ziwa, tulitumwa Kalundu kufuata samaki tukarudi mbio. Halafu kazi ikaanza. Ndoa, watoto, zamu ya usiku, bia ya Jumamosi. Siku moja unapanda ngazi za ofisi na pumzi inakata. Unajiuliza: je, nimekuwa mzee? Hapana. Mwili umesahau tu, na mwili uliosahau unaweza kufundishwa tena. Lakini ufundishwe taratibu.

Habari ya mtumishi mmoja

Jina lake sitalitaja, na yeye mwenyewe ameniruhusu kusimulia. Ana miaka 45, ni mtu wa mashini ya kutoboa mwamba, na jamaa yake inakaa Uvira. Zamani alikuwa golikipa. Katika kupimwa kwa mwaka tulikuta tansio yake ni 15 juu ya 10. Nikamwambia apunguze chumvi na pombe, atembee, aje kupimwa tena. Yeye akasikia «tembea», lakini moyo wake ukasema «kimbia».

Aliposhuka Uvira kwa likizo, asubuhi ya kwanza akatoka Kalundu kwa mbio, akitaka kufika Mulongwe bila kusimama, kama alivyofanya akiwa na miaka 20. Hakufika. Mshipa wa kisigino ulimshika njiani, akarudi akichechemea, na watoto wa mtaa wakacheka. Likizo yake yote alikaa kwenye kiti.

Kosa lake lilikuwa nini? Moyo na mapafu vinazoea mazoezi mapya kwa majuma machache. Lakini mishipa ya kisigino, magoti na mifupa vinahitaji miezi. Pumzi inasema «twende», na kisigino hakijawa tayari. Wahenga walisema: haraka haraka haina baraka.

Kwanza, pita kwa mganga

Usianze mbio kabla ya kupimwa ikiwa una miaka zaidi ya 40 na hujafanya mazoezi siku nyingi. Pia kama una tansio, sukari, maumivu ya kifua, kikohozi cha siku nyingi, au kama umefanya kazi miaka mingi katika vumbi la mwamba. Tansio ikifika 14 juu ya 9 au zaidi, tunairudia siku nyingine ili tuwe na hakika. Mwenye tansio hakatazwi mazoezi: mazoezi yanamsaidia. Lakini kwanza tujue anaanzia wapi.

Namna ya kuanza

Shirika la Afya la Dunia linashauri kila mtu mzima afanye mazoezi ya kadiri kwa dakika 150 mpaka 300 kwa juma, au mazoezi ya nguvu kwa dakika 75 mpaka 150. Usiogope hesabu hizo. Anza chini, fuata ngazi hizi, siku 3 kwa juma, na baina ya siku mbili za mazoezi weka siku ya kupumzika:

1. Juma la 1 na la 2: tembea kwa haraka dakika 30.
2. Juma la 3 na la 4: kimbia polepole dakika 1, tembea dakika 2. Rudia mara 10.
3. Juma la 5 na la 6: kimbia dakika 2, tembea dakika 2. Rudia mara 7.
4. Juma la 7 na la 8: kimbia dakika 3, tembea dakika 1. Rudia mara 7.
5. Juma la 9 na la 10: kimbia dakika 5, tembea dakika 1. Rudia mara 5.
6. Baada ya hapo, jaribu dakika 20 bila kusimama.

Ngazi moja ikikushinda, irudie. Hakuna anayekufukuza. Kipimo cha mwendo ni mdomo wako: ukikimbia na mwenzako, muweze kuongea. Ukishindwa kumaliza neno, punguza mwendo.

Mahali na saa

Katika pwani yetu ya kaskazini ya Tanganyika joto ni kali. Ziwa liko kwenye metre karibu 770 tu, na milima ya Mitumba inasimama nyuma yetu kama ukuta. Basi kimbia asubuhi jua likiwa bado dogo, lakini kukiwa kumepambazuka vizuri. Usikimbie kando ya maji gizani. Viboko wanatoka usiku kula majani, na mtu anayesimama baina ya kiboko na maji yuko katika hatari kubwa. Upande wa mdomo wa Ruzizi kuna mamba pia.

Wakati wa mvua usipite kwenye mabonde ya mito. Wote tunakumbuka mwezi wa 4 wa mwaka 2020, Mulongwe ulipofurika ukachukua nyumba na watu. Kwenye barabara kubwa kimbia ukitazama magari yanayokuja mbele yako, wala usiyape mgongo.

Usikimbie na bote za kazi. Ni nzito, zinaumiza magoti. Viatu vya sokoni vinatosha, mradi vinakushika vizuri na soli haijaisha.

Kunywa maji kabla na baada. Lakini maji gani? Katika mji wetu kolera inarudi mara kwa mara. Maji ya ziwa na ya mto usiyanywe hivi hivi, hata kama kiu inakuuma. Chukua maji yaliyochemshwa au yaliyotiwa dawa, katika chupa safi.

Ukitoka zamu ya usiku, lala kwanza. Ukiwa na homa, usikimbie kabisa: nenda upimwe malaria. Wengine wanasema jasho linatoa homa. Si kweli. Moyo wenye homa tayari unafanya kazi zaidi.

Sasa, kaye

Hapa ndipo kiini cha somo letu. Nunua kaye moja na biki moja. Kila siku ya mazoezi andika mistari michache tu:

– Tarehe, na saa ulizolala.
– Mapigo ya moyo ya asubuhi, kabla ya kutoka kitandani. Weka vidole viwili juu ya kifundo cha mkono, hesabu kwa sekunde 30, zidisha kwa 2.
– Umekimbia wapi, dakika ngapi.
– Mwili ulisema nini: goti, kisigino, pumzi, kikohozi.
– Neno moja la moyo: furaha, hasira, uchovu, mawazo ya karo za shule.

Mara moja kwa juma andika uzito wako, kama una mahali pa kujipima.

Usicheke neno la mwisho. Mtu mwenye mawazo mengi analala vibaya, na aliyelala vibaya anaumia upesi, mbioni na hata chini ya mgodi. Asiyejua kuandika amwambie mtoto wake wa shule amwandikie. Hiyo ni kazi nzuri kwa mtoto, na baba hawezi tena kudanganya dakika!

Kuandika hivi si kazi ya wanaoanza tu. Eliud Kipchoge wa Kenya, aliyekimbia marathoni ya Berlin mwaka 2022 kwa saa 2, dakika 1 na sekunde 9 akiwa na miaka 37, anajulikana kwa kuandika mazoezi yake katika kaye, mwaka baada ya mwaka. Na Kenenisa Bekele wa Ethiopia alishika nafasi ya pili London mwaka 2024, akiwa na miaka 41. Sisi hatutafuti medali. Lakini ikiwa bingwa hategemei kichwa chake kukumbuka, mimi na wewe tutategemea nini?

Kaye ilivyomwokoa mwenzetu

Turudi kwa yule golikipa. Kisigino kilipopona, alianza upya, safari hii kwa ngazi na kwa kaye. Majuma 10 yalikwenda vizuri. Mapigo yake ya asubuhi yalishuka kutoka 80 mpaka 68. Tansio ikashuka kidogo. Alikuwa akinionyesha kaye kama mtoto anayeleta pointi nzuri za shule.

Halafu akaanza kukohoa. Alikuja dispansari, nikampa dawa ya kikohozi. Akarudi tena, nikampa chupa nyingine. Foleni ilikuwa ndefu siku hizo, nami sikumwuliza kikohozi kimeanza lini. Naandika jambo hili wazi, kwa sababu kosa ni langu.

Mara ya tatu alikuja na bibi yake. Mama yule alikuwa ameshika kaye mkononi. Akasema: «Muganga, miye sikusoma sana, lakini angalia namba hizi.» Nikafungua. Njia ileile iliyomtaka dakika 22 sasa ilimtaka 27. Mapigo ya asubuhi yamepanda mpaka 84. Uzito umeshuka kilo 4. Neno «kikohozi» limeandikwa siku baada ya siku, kwa majuma 5. Na karibu na chini, kwa herufi ndogo: «jasho usiku, shuka imelowa».

Nilimwuliza kwa nini hakuniambia. Akatazama chini. Akasema: «Nitaondolewa kwenye mashini. Watoto watakula nini?»

Siku hiyohiyo tulichukua makohozi. Jibu lilikuwa kifua kikuu.

Ndugu msomaji, mbio hazikumletea ugonjwa huo. Kifua kikuu kinaletwa na mdudu anayepita katika hewa, mgonjwa anapokohoa. Lakini vumbi la mwamba linachosha mapafu, na mapafu yaliyojaa vumbi hilo yanashikwa upesi zaidi kuliko mengine. Ndiyo maana tunasema kila siku: lowesha mwamba kwa maji unapotoboa, vaa maski yako, usiipachike shingoni. Mbio zilifanya jambo moja tu: zilionyesha mapema kwamba pumzi inapungua. Na kaye ilishika ushahidi ambao mimi, na blauzi yangu nyeupe, sikuuona.

Alikunywa dawa miezi 6 bila kuruka siku. Dawa hizo katika nchi yetu hazilipishwi. Bibi yake na watoto wote walipimwa. Katika miezi ile hakukimbia. Nguvu ziliporudi kidogo alianza kutembea, dakika 10, kisha 15, na yote aliandika. Makohozi ya mwisho yalikuwa safi. Sasa amepewa kazi ya juu, mbali na vumbi, na amefungua kaye ya pili. Katika ukurasa wa kwanza ameandika: «Juma la 1. Natembea.»

Wakati wa kusimama mara moja

Acha mbio, keti, ita mtu, na njoo hospitali kama unasikia:

– maumivu au uzito katika kifua, yakienda mkononi, shingoni au kwenye taya;
– kizunguzungu, au kuzimia;
– pumzi isiyorudi hata baada ya kupumzika;
– moyo unaopiga ovyo ovyo.

Na njoo dispansari bila kungoja kama kaye yako inaonyesha kikohozi cha majuma 2 au zaidi, kilo zinazoshuka bila sababu, jasho la usiku, au mapigo ya asubuhi yaliyopanda kwa 10 au zaidi kwa siku kadhaa. Kukohoa damu, hata kidogo, ni kuja siku hiyohiyo.

Neno kwa akina mama

Mbio si za wanaume peke yao. Mama anayepanda mlima na mzigo kichwani ana nguvu kuliko wengi wetu, lakini moyo wake pia unahitaji mwendo usio na mzigo. Tembeeni wawili au watatu pamoja, kwa usalama na kwa maongezi. Aliye na mimba aulize kwanza mkunga wake.

Tukumbuke

1. Anza kwa kutembea, na usiruke ngazi.
2. Pimwa kwanza.
3. Maji safi, mchana mweupe, mbali na viboko.
4. Andika kila mara, hata mistari mitatu.
5. Usimfiche mganga jambo. Na ukimwona mganga ana haraka, kama nilivyokuwa mimi, weka kaye mezani, mwambie: «Soma kwanza.»

Wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Wao walifikiri juu ya duka. Lakini mali ya kwanza ya mtumishi ni pumzi yake. Uiandikie daftari.