Baba, Mama na Watoto Darasa Moja



Wahenga walisema, usisafirie nyota ya mwenzio. Methali hii humwonya mtu asiige safari ya jirani bila kupima uwezo wake mwenyewe. Leo tuitazame kwa upande mwingine, upande wa nyumba. Mume akisafiri kwa nyota yake, mke kwa yake na watoto kwa yao, nyumba hiyo itafika wapi?

Somo letu ni safari ya familia nzima kwenda ng'ambo kujifunza lugha, na hasa Kihispania. Huenda mmoja wenu akasema, "Hayo ni mambo ya matajiri." Ngojeni kidogo. Hapa kwetu pwani ya kusini, kutoka Likoni hadi Lunga Lunga, lugha za kigeni ni unga na ni karo ya shule. Wapo vijana Diani wanaosalimia wageni kwa Kijerumani na kuuza vinyago kwa Kiitalia. Wapo ndugu zetu walioolewa au kuoa wageni. Nao wanajua kwamba tangu mwaka 2007 Ujerumani humtaka kwa kawaida mume au mke anayekwenda kuishi na mwenziwe kule aonyeshe kwanza kwamba amefikia daraja la A1 la Kijerumani, yaani daraja la chini kabisa.

Kwa hiyo lugha za ng'ambo zimekwisha kuingia katika ndoa zetu. Swali ni moja: zimeingia kama mgeni wa wote, au kama mgeni wa mtu mmoja?

UKUTA UNAOJENGWA KIMYA KIMYA

Chukueni mfano wa mume afanyaye kazi hotelini Diani. Kwa miaka kadhaa amejifunza Kihispania kwa wageni. Mkewe yuko nyumbani Msambweni na biashara yake ya samaki. Usiku simu inalia. Mume anatoka nje, anazungumza lugha ambayo mke haielewi, anacheka, kisha anarudi.

"Ni nani?"

"Ni mgeni tu, mama watoto."

Yawezekana ni kweli kabisa kwamba ni mgeni tu. Lakini mke amebaki na kicheko asichojua maana yake. Kesho tena, na kesho kutwa. Hakuna aliyekosa, na bado kila siku tofali moja linaongezwa ukutani. Geuzeni mfano huo. Mke ndiye ajuaye lugha na ndiye mwenye mshahara mnono, naye mume anajiona mgeni mezani pake mwenyewe. Maumivu ni yale yale.

Watoto nao wamo. Familia ikihamia nchi ngeni, mara nyingi mtoto hushika lugha mbele ya wazazi. Basi huchukuliwa kuwa mkalimani ofisini, hospitalini, hata shuleni kwake anapoitiwa kosa. Hapo baba na mama husikia yale tu ambayo mtoto amependa kuyatafsiri. Mnaona hatari yake? Mtoto anabeba mzigo wa mtu mzima, na mzazi anapoteza heshima yake.

FAIDA YA DAWATI MOJA

Dawa mojawapo ni kujifunza pamoja. Wote wanaanza na sifuri. Watoto hunasa matamshi upesi, na ulimi wao ni mwepesi. Watu wazima huelewa kanuni upesi zaidi mwanzoni, kwa sababu wanajua tayari jinsi lugha inavyopangwa. Kila mmoja ana cha kumpa mwenzake.

Hapa ndipo penye kazi kwa akina baba. Baba aliyezoea kuamuru atalazimika kumwuliza binti yake wa gredi ya tano, "Mwanangu, neno hili lasomwaje?" Akiweza kuuliza hivyo bila kuona kwamba amevuliwa kofia, nyumba nzima itakuwa imejifunza jambo kubwa kuliko Kihispania. Nanyi akina mama, mume akikosea mbele ya watoto, msichekelee. Wekeni sheria moja ya nyumba: anayesahihisha asidharau, anayesahihishwa asinune.

Si jambo jipya. Wamisionari walei wa Maryknoll, wengine wao wakiwa mume na mke pamoja na watoto wao, wamekuwa wakianza utume kwa kusoma lugha. Waliotumwa Amerika ya Kusini walijifunza Kihispania huko Cochabamba, nchini Bolivia. Waliokuja kwetu Afrika Mashariki, wengi walisoma Kiswahili katika shule ya lugha ya Makoko, karibu na Musoma, kando ya Ziwa Viktoria. Baadhi yao wamehudumu hapa Mombasa. Watu wazima wenye shahada zao walikubali kuanza upya na "hujambo, sijambo." Kama wao waliweza kujifunza ngeli zetu, kwa nini sisi tushindwe na Kihispania?

KIHISPANIA SI KIGENI SANA

Ndugu msomaji, wewe uliyelelewa kwa Kiswahili una akiba usiyoijua. Irabu za Kihispania ni tano, na zinatamkwa karibu sawa na zetu: a, e, i, o, u. Herufi ñ ni ny ya nyumba. Herufi j hutamkwa karibu na kh ya subalkheri. Herufi h haisikiki, hivyo salamu hola husomwa "ola."

Sisi husema "tunasema" kwa neno moja, na mtendaji amo ndani yake. Nao husema hablamos kwa neno moja, ila alama ya "sisi" wameiweka mwishoni. Sisi tuna ngeli, na kivumishi lazima kifuate: mtoto mzuri, kiti kizuri. Wao wana jinsi mbili, ya kiume na ya kike, na kivumishi hufuata vivyo hivyo.

Isitoshe, Wareno waliacha maneno mengi pwani hii, nayo lugha yao ni ndugu wa Kihispania. Ngome ya Yesu pale Mombasa ilianza kujengwa mwaka 1593, wakati mfalme mmoja alipotawala Hispania na Ureno kwa pamoja. Meza yetu ni mesa kwa Kihispania. Bendera ni bandera, mvinyo ni vino, karata ni carta, na padri ni padre, neno ambalo kwao ni baba mzazi pia. Hata gereza linatokana na neno la Kireno la kanisa, ambalo Wahispania huliita iglesia.

Lakini tahadharini. Anayetegemea Kiingereza hudhani embarazada ni kuona haya, kumbe ni kuwa mja mzito. Na wenzi wa ndoa washike hili: casado ni aliyeoa, cansado ni aliyechoka. Ni herufi moja tu inayotenganisha. Bwana, ukiulizwa habari zako mbele ya mkeo, tamka vizuri!

KABLA YA KUKATA TIKETI

Ketini wawili kwanza, watoto wakiwa wamelala, mjibu mambo manne.

Kwanza, sababu. Twaenda kwa nini? Ni kwa kazi, kwa masomo, kwa utume, au ni kwa sababu jirani amekwenda? Kihispania kina manufaa. Ni lugha rasmi katika nchi zipatazo 20, ikiwemo moja ya Afrika, Ginekweta, iliyopata uhuru kutoka Hispania mwaka 1968. Lakini manufaa ya dunia si lazima yawe manufaa ya nyumba yako. Kila mmoja aandike sababu yake kwenye karatasi, kisha mlinganishe. Zikipishana sana, safari ingoje.

Pili, mahali na muda. Salamanca, mji wa Hispania wenye chuo kikuu kilichoanzishwa mwaka 1218, ni maarufu kwa kufundisha wageni Kihispania. Antigua, nchini Guatemala, inajulikana kwa shule ambamo mwalimu mmoja hufundisha mwanafunzi mmoja, na wanafunzi huweza kulala katika nyumba za wenyeji. Viza ya kawaida ya muda mfupi ya kuingia Hispania haizidi siku 90 katika kila siku 180. Atakaye kusoma zaidi ya hapo huomba viza ya masomo. Nchi nyingi za Amerika ya Kusini na ya Kati humtaka anayetoka Kenya awe na cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Pangeni pia kwa kalenda ya shule. Likizo ndefu ya Novemba na Desemba itawafaa zaidi kuliko kumtoa mtoto darasani katikati ya muhula.

Tatu, fedha. Hapa nasema wazi: shamba la familia lisiuzwe kwa ajili ya darasa la wiki sita. Lugha inaweza kusahaulika, na shamba likienda limekwenda. Tena Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 hairuhusu mwenzi mmoja kuuza mali ya ndoa bila idhini ya mwenziwe, na idhini hiyo isiwe ya kutishwa wala ya kubembelezwa usiku wa manane. Wekeni akiba polepole, katika chama au katika SACCO. Haba na haba hujaza kibaba.

Nne, mawakala. Mtu akija na maneno matamu kwamba mkilipa leo mtapata shule, viza na kazi kwa mpigo, ondokeni hapo. Viza hutolewa na ubalozi, wala hakuna wakala awezaye kuihakikisha. Wasilianeni na shule yenyewe. Na mtu yeyote asishike pasipoti za familia yenu isipokuwa ninyi na maofisa wanaohusika.

MKIWA KULE

Mkikaa kwa wenyeji Hispania mtakuta chakula cha mchana saa nane au tisa za saa zetu, na cha usiku saa tatu au nne. Watoto watalia njaa na usingizi kwa wiki ya kwanza. Wabebeeni kitu cha kutafuna jioni, na msiwagombeze. Mkumbuke pia kwamba saa nane yetu ya mchana kwao ni saa mbili. Wengi hukosa mabasi kwa sababu hiyo.

Msikae wanne pamoja siku nzima mkisema Kiswahili, maana mtarudi kama mlivyokwenda. Tawanyikeni mchana: mama sokoni na mtoto mmoja, baba kituo cha basi na mwingine. Jioni kutaneni, kila mmoja alete maneno matatu mapya. Kisha funga daftari. Saa moja kabla ya kulala iwe ya lugha ya nyumbani, ili mtoto aliyeumizwa na jambo mchana alieleze kwa lugha ya moyo wake.

Dominika nendeni Misa. Masomo ni yale yale yanayosomwa Ukunda siku hiyo. Mkiyasoma kwanza kwa Kiswahili, masikio yatawafungukia kwa Kihispania. Ni darasa lisilo na karo.

Na ninyi wawili msisahauliane. Katika chumba kimoja na watoto, ugenini, mume na mke huweza kukaa wiki tatu bila kuzungumza lolote ila ratiba. Tafuteni nusu saa ya kutembea peke yenu. Ulizaneni, "Umechoka? Unaogopa nini hapa?"

WASIO NA NAULI

Wengi wetu hatutapanda ndege, nasi tusijione wanyonge. Kujifunza pamoja hakuhitaji ndege. Nusu saa baada ya chakula cha jioni, daftari moja la familia, simu moja yenye masomo ya kusikiliza: kwa mwaka mmoja mtafika mbali. Mume wa hotelini tuliyemtaja anaweza kuwa mwalimu wa mkewe kuanzia leo. Na simu ikilia, azungumze pale pale sebuleni.

Tena ipo safari ya karibu zaidi. Kwale ni nyumba ya lugha nyingi: Kidigo, Kiduruma, Kikamba, hata Kivumba cha Wasini na Vanga. Kuna wenzi walioishi pamoja miaka 15, na mke bado hawezi kumsalimu mama mkwe kwa lugha yake ila kwa kutafsiriwa. Kuna baba ambaye hajui wakweze wanasema nini wakicheka. Familia yenu ikifunga safari ya wiki mbili kwenda kwa bibi, watoto na mzazi mgeni wakae mbele yake kama wanafunzi, hiyo nayo ni shule ya lugha. Mwalimu wake hadai karo. Lakini hatakuwepo siku zote.

MASWALI YA KUZUNGUMZA MKIWA WAWILI

1. Je, kuna lugha katika nyumba yetu ambayo mmoja wetu anaijua na mwenzake haijui? Mwenzake hujisikiaje inaposemwa?

2. Mara ya mwisho mume au mke aliponisahihisha mbele ya watoto, nilijibu vipi?

3. Tukipata nafasi ya kusafiri kusoma, kila mmoja wetu angetaka kurudi na nini?

4. Ni lugha ya nani, katika wazee wetu walio hai, ambayo watoto wetu wanapaswa kuijifunza mwaka huu?

Jibuni kwa upole, bila haraka. La nne msiliahirishe.